Lau Jana Ingerudi: Katuni za Kijapani Zina Neno la Kutwambia

Lipo lalamiko moja ambalo siku hizi halikosekani katika mabaraza yetu, tangu Lamu mpaka Vanga. Wazee wasema kwamba vijana wamepotea katika katuni za Kijapani, zile ambazo wao wenyewe huziita anime. Kijana atoka chuoni au skuli, aingia chumbani, ajifunika shuka yeye na simu yake mpaka usiku wa manane. Ukimwuliza atazama nini, hukwambia ni kisa cha mtu aliyekufa, kisha akaamka asubuhi ile ile aliyokwisha kuiamka. Mzee husema "Astaghfirullah", na mazungumzo hukatika papo hapo.

Mimi naona mazungumzo hayo yafaa yaanzie hapo. Leo basi nataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya aina moja tu ya katuni hizo, ambayo nitaiita hadithi za siku ijirudiayo. Rai yangu ni hii: hadithi hizi si upuuzi. Zina ubovu wake, na ubovu huo dini yetu imekwisha kuujibu zamani. Na ikiwa kuna aibu yoyote katika jambo hili, aibu hiyo si ya vijana wanaozitazama, bali ni yetu sisi watungaji wa Kiswahili ambao hatujawapa zilizo zetu.

HADITHI ZENYEWE NI ZIPI

Kwanza tufahamiane. Katika hadithi hizi mtu hujikuta amefungwa ndani ya kipande cha wakati. Huenda kikawa siku moja, au juma mbili, au mwezi. Kipande hicho kikifika ukingoni hakisongi mbele, bali hurudi mwanzo kama tasbihi mkononi. Watu wote huamka wamesahau, wakacheka kicheko kile kile na kugombana ugomvi ule ule. Yeye peke yake ndiye anayekumbuka kwamba haya yamekwisha kupita.

Wajapani hawakuanza jana kuchezea wakati katika hadithi. Wana ngano yao ya kale ya Urashima Taro, mvuvi aliyekaribishwa katika kasri la chini ya bahari, akakaa siku chache, na aliporudi kijijini kwake akakuta miaka mamia imepita na hakuna amjuaye. Katika zama zetu, mwaka 1967 mwandishi Yasutaka Tsutsui alitoa kitabu cha msichana wa skuli arukaye nyakati, na mwaka 2006 Mamoru Hosoda akakifuatiza kwa filamu ya katuni. Mwaka 1984 Mamoru Oshii alitengeneza filamu ya pili ya Urusei Yatsura, ambamo wanafunzi wanajitayarisha kwa tamasha la skuli litakalofanyika kesho, na hiyo kesho haiji. Mwaka 2004 Hiroshi Sakurazaka aliandika All You Need Is Kill, kisa cha askari kijana Keiji Kiriya anayeuawa katika vita vyake vya kwanza, akaamka kitandani siku iliyotangulia, akauawa tena, na tena, huku akiandika hesabu mgongoni mwa mkono wake. Wamarekani wakaigeuza filamu mwaka 2014, naye Tom Cruise akawa ndiye askari. Wamarekani hao walikuwa na yao ya kuchekesha tangu mwaka 1993, Groundhog Day, ya mtangazaji wa hali ya hewa mwenye kiburi ambaye siku moja ya baridi ilimng'ang'ania mpaka akajifunza adabu.

Katika zote hizo, mimi nimevutiwa zaidi na tatu.

Ya kwanza ni sehemu ya katuni ya Haruhi Suzumiya iliyoonyeshwa mwaka 2009. Kundi la vijana wa skuli limenaswa katika juma mbili za mwisho za likizo ya Agosti. Waogelea, wavua wadudu, watazama fataki, na ikifika tarehe 31 hurejeshwa tarehe 17. Hurejeshwa mara 15,532. Watengenezaji hawakuona haya kukionyesha kisa hicho hicho kwa vipindi 8, wiki baada ya wiki, watazamaji wakapandwa na hasira kwelikweli. Na je, wamejinasua vipi? Mmoja wao akumbuka kwamba hajafanya kazi za skuli alizopewa za likizo, awaita wenzake, waifanya pamoja. Basi. Siku ya pili yake ni Septemba. Mwalimu wa chuo akisikia kisa hiki atapiga kofi kwa furaha.

Ya pili ni Steins;Gate ya mwaka 2011. Vijana wa mtaa wa Akihabara, Tokyo, waunganisha simu na jiko la maikrowevu, wakagundua kwamba waweza kupeleka ujumbe mfupi kwenye siku zilizopita. Kila rafiki aomba ujumbe wake: huyu amrudishe baba, yule abadili umbile lake. Wote wafurahi. Kisha binti mmoja, Mayuri, afa. Mwenye mashine, Rintaro Okabe, arudi nyuma kumwokoa, naye binti afa tena kwa njia nyingine. Mwishowe Okabe afahamu kwamba njia ya kumwokoa ni kuzifuta zile jumbe moja baada ya moja, yaani kwenda kwa kila rafiki na kumnyang'anya furaha aliyokwisha kumpa.

Ya tatu ni Madoka Magica, nayo ya mwaka 2011. Msichana Homura arudi mwezi ule ule mara kwa mara ili amwokoe rafiki yake Madoka. Na kila anaporudi, bila ya kujua, huzidi kumfungia mwenziwe kamba. Mapenzi yake ndiyo yanayoizidisha hatari.

Nakuuliza, ndugu msomaji, je, hayo ni mambo ya kitoto?

KAMBI MURU

Nilipokwenda Nairobi hivi karibuni nilialikwa Kambi Muru, Kibera, nyumbani kwa jamaa wa Kinubi ambao tumeoleana nao. Watu wa pwani wengi wakisikia Kibera hudhani ni mabati na matope tu, na hawajui kwamba ndani yake mna ndugu zao wa kibla kimoja ambao wamekaa hapo zaidi ya miaka 100. Wazee wao walikuwa askari wa Kisudani. Baadhi yao walikuwa katika jeshi la Emin Pasha, wakaandikwa upya na Lugard mwaka 1891, kisha wakaingizwa katika jeshi la Waingereza la King's African Rifles. Mwaka 1904 wakapewa msitu ulio kando ya Nairobi wakae. Kwa lugha yao ya Kinubi, msitu ni kibra, na ndilo jina lililogeuzwa likawa Kibera. Eneo hilo lilihesabiwa ekari 4,197. Hata majina ya vijiji yana harufu ya jeshi: Kambi Muru, Kambi Lendu, Kambi Aluru. Mwenye kujua ramani husikia humo Wamoru wa Sudan Kusini, na Walendu na Waalur wa Kongo.

Baada ya sala ya Isha, kijana wa nyumba ile, mjukuu wa mwenyeji wangu, alikuwa amekaa ukumbini akitazama Steins;Gate. Nikamwuliza kama haoni uvivu kutazama siku ile ile mara kumi.

"Mzee, hii si ya watoto," akaniambia. "Huyu anayekumbuka ndiye anaumia. Wengine wanalala. Lakini asipokumbuka yeye, hakuna mtu atatoka."

Bibi yake, ambaye nilidhani amesinzia kwenye mkeka, akainua kichwa. "Maalim," akasema, "hiyo nayo ni hadithi? Mimi nimekaa ndani yake. Babu yangu alipeleka karatasi ya shamba ofisini, akaambiwa arudi. Baba yangu akapeleka ile ile, akaambiwa arudi. Mume wangu akapeleka. Huyu mtoto alipotimia miaka 18 akaenda kutafuta kitambulisho, wakamwambia alete karatasi za babu. Sasa hiyo katuni yamfundisha nini asichokijua?"

Sikuwa na jawabu la haraka. Lakini maneno ya bibi yule ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana yamefungua mlango ambao wachambuzi wa filamu hawajaufungua.

Yatazame mambo yenyewe. Miaka ya 1932 na 1933 Tume ya Carter iliyoundwa na wakoloni kuchunguza ardhi ilisema kwamba Wanubi ni wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme. Vikaja vita vikuu vya pili, wakaenda wakapigana, wakarudi, wakakuta ni wapangaji wale wale. Ikaja Uhuru mwaka 1963, na shamba likawa la Serikali, mitaa mipya ikajengwa juu yake, wao wakabanwa pembeni. Kila kizazi kilipofika umri wa kitambulisho, vijana walipelekwa mbele ya kamati za upekuzi kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya, jambo ambalo vijana wa makabila mengi hawakuulizwa. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi. Mwezi Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwapa hati ya ardhi ya jumuiya: ekari 288. Mwezi Julai 2018 matingatinga yakaingia Kibera kupisha barabara, na watu wapatao 30,000 wa kila kabila wakabaki bila paa. Mwezi Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza mwisho wa upekuzi ule wa ziada wa vitambulisho. Tusubiri tuone kijana wa leo atapokewaje dirishani.

Bibi hakukosea, basi. Karatasi moja imepanda ngazi moja kwa zaidi ya miaka 100.

NANI AIRUDISHAYE SIKU?

Hapa nataka kusema jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya.

Mtu mwepesi wa kukata tamaa angeyasikia maneno ya bibi akasema: ndiyo dunia, ndiyo kudra, maskini siku yake ni moja. Mimi nakataa. Nakataa kwa sababu ya dini, na nakataa kwa sababu ya hadithi zenyewe hizi za Kijapani. Zilizotungwa vizuri haziishii kwenye kusema kwamba siku inajirudia. Zauliza: nani airudishaye? Katika kisa cha askari Keiji, ni adui mwenyewe anayeirudisha siku ili ashinde vita. Katika kisa cha Haruhi, ni Haruhi mwenyewe, ambaye hajui kwamba ana uwezo huo. Hajaridhika na likizo yake, na kwa kuwa yeye hajaridhika, dunia nzima yazuiliwa Agosti. Katika kisa cha Madoka, ni rafiki mwenye mapenzi makubwa kuliko maarifa.

Angalia basi hizo aina tatu za warudishaji: adui anayejua, mwenye nguvu asiyejua, na mpenzi anayekosea. Zichukue ukazipime Kambi Muru, utaona zaingia kama mkono katika kanzu. Wapo waliokula ardhi wakijua. Wapo makarani na wakubwa ambao hawakuwa na chuki na mtu, ila jambo hili halikuwasumbua, na kwa kuwa halikuwasumbua wao, watu wakabaki kwenye foleni ya mwaka 1933. Na wapo marafiki waliokuja na miradi, wakabomoa wakitaka kujenga. Siku ya Kambi Muru haikujirudia yenyewe. Ilirudishwa. Na kilichorudishwa na watu chaweza kusimamishwa na watu.

Tena angalia kilichoisimamisha, walau kidogo. Ni yule anayekumbuka. Wazee wa Kinubi walizihifadhi zile karatasi sandukuni, wakawasimulia watoto, watoto wakawasimulia mawakili, na mwaka 2011 na mwaka 2017 neno likapatikana. Ekari 288 katika ekari 4,197 si nyingi. Lakini lau kila kizazi kingeamka kimesahau, hata hizo zisingepatikana. Kijana yule wa ukumbini alilifahamu jambo hili vizuri kuliko sisi tunaomkemea.

DINI YASEMAJE

Najua atakuwepo msomaji wa kusema: Maalim, wakati ni wa Mwenyezi Mungu, vipi watuhalalishia hadithi za watu wanaougeuza kwa jiko na simu?

Jawabu langu ni kwamba hadithi ni hadithi, na msikilizaji ajua. Sisi tumelelewa na Alfu Lela u Lela, tukapanda farasi wa mpingo arukaye angani na tukafungua chupa zenye majini, wala hakuna aliyetoka katika Uislamu kwa sababu hiyo. Wazazi wetu walijaa katika sinema za Mombasa kutazama filamu za Kihindi, na mwaka 1980 ilipotoka Karz, ya mtu aliyeuawa akazaliwa upya kulipiza kisasi, hatukubadili itikadi yetu kwa kuimba nyimbo zake. Cha kupima ni hadithi yamwacha mtu wapi inapokwisha.

Tena mambo ya wakati kukunjwa na kukunjuliwa si mageni kwa mtoto wa chuo. Tumesoma katika Suratul Kahf habari ya vijana waliolala pangoni miaka 300 na kuzidi 9, wakaamka wakidhani ni siku moja au sehemu ya siku, wakamtuma mwenzao sokoni na fedha ambayo huenda hakuna tena aijuaye. Tumesoma katika Suratul Baqara habari ya mtu aliyepita kwenye mji uliobomoka, akafishwa miaka 100, akafufuliwa, na chakula chake hakijaharibika. Lakini zingatia: katika visa hivyo wakati haurudi nyuma. Mtu husimamishwa, dunia ikaenda mbele, ili aone kwa macho yake uwezo wa Mola wake.

Na kuhusu kurudi, dini imesema wazi. Katika Suratul Muuminun twapewa habari ya yule ambaye mauti yamemfikia, akaomba arejeshwe ili atende mema aliyoyaacha. Hukataliwa, na mbele yake ni barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Na katika Suratul An'am liko neno zito zaidi: wale wasimamishwao mbele ya Moto hutamani warudishwe duniani, nasi twaambiwa kwamba hata lau wangerudishwa, wangeyarudia yale yale waliyokatazwa.

Soma hapo mara mbili. Huo ndio uchambuzi mkali kuliko wote wa hadithi za siku ijirudiayo, nao umeteremka karne nyingi kabla ya kuwapo sinema. Ubovu wa hadithi hizi ni kwamba nyingi zamfanya mtazamaji aamini kuwa kilichomkosesha mtu ni nafasi tu. Mpe nafasi ya pili, ya kumi, ya mia, atatengenea. Kurani yatwambia sivyo. Moyo usiogeuka, hata urudishwe mara 15,532, utafanya yale yale. Na ubovu wa pili ni kwamba kifo hupungua uzito. Askari anayeamka kila akifa hujifunza kukitumia kifo kama mtu anavyotumia kiberiti. Kijana wa Kibera au wa Kawangware, au wa Kisauni kwetu, ambaye amewazika wenzake waliokufa kwa risasi au kwa unga, hafai kufundishwa hivyo. Yeye ajua kwamba rafiki yake hakuamka.

Hata hivyo, tuwe waadilifu. Zile zilizo bora zimeufahamu ubovu huo zenyewe. Okabe hakuokoa mtu kwa wingi wa kurudi, bali aliokoa alipokubali kutoa alichokipenda. Homura alirudi na kurudi, na kurudi kwake kukawa ndiyo maafa. Vijana wa likizo ya Agosti hawakutoka kwa ujanja, ila walitoka walipokaa chini wakafanya wajibu waliokuwa wakiukimbia. Kutoa, kuacha, na kutimiza wajibu: hayo si mageni kwa aliyefundishwa masharti ya tauba, ambayo ni kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki ya mwenyewe. Wajapani wamefika mlangoni petu kwa njia ndefu ya kuzunguka.

ZETU ZIKO WAPI?

Sasa nageuka kuwatazama watungaji wenzangu.

Kijana wa Kiswahili akitaka hadithi ya namna hii kwa lugha yake, aende wapi? Si kwamba hatujawahi kujaribu. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990, akafuatiliza na Mzingile, riwaya ambazo wakati ndani yake haufuati mstari na msomaji hupotea kama katika jina la kitabu chenyewe. Said Ahmed Mohamed wa Pemba alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001. Na mwana wa pwani yetu, marehemu Katama Mkangi, ambaye mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila ya kushitakiwa, alitoa Walenisi mwaka 1995, kisa cha Dzombo anayehukumiwa kutupwa angani ndani ya chombo, akaishia katika nchi ambayo watu wake, ukilisoma jina lao polepole, ni sisi wenyewe. Mkangi alifariki mwaka 2004. Ni nani aliyeichukua kalamu yake?

Katika filamu pia pana dalili. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, ya dunia iliyokaukiwa maji. Mbithi Masya alitengeneza Kati Kati mwaka 2016, ya mwanamke aliyeamka mahali pasipo mbele wala nyuma, miongoni mwa waliokufa, hamkumbuki hata aliyemzaa. Mtu wetu wa pwani akiitazama atasema hiyo ni barzakh. Mwaka 2023 kampuni ya Disney ilitoa mkusanyo wa katuni 10 fupi za kisayansi zilizotungwa na Waafrika, na jina walilolichagua ni la Kiswahili: Kizazi Moto. Jina ni letu, na lugha inayosemwa humo ni Kiingereza. Hilo lisitupite hivi hivi.

Wanaotutangulia ni wasimulizi wa mabanda ya video. Mtu kama DJ Afro hapa Kenya, au marehemu Lufufu kule Dar es Salaam, amechukua filamu ya kigeni akaisimulia kwa Kiswahili cha watu mpaka mama wa sokoni akaifahamu. Wasomi huwacheka. Mimi nawaona ni warithi wa wale waliokuwa wakikaa barazani na kusimulia Alfu Lela kwa maneno yao wenyewe, kila mmoja na chumvi yake. Msimulizi kama huyo akiichukua Steins;Gate akaisimulia Kambi Muru, kwa Kiswahili chenye Kinubi ndani yake, atakuwa ameifanyia lugha yetu kazi ambayo makongamano hayajaifanya.

Na zaidi ya kusimulia, tutunge. Mambo ya kutunga yamejaa. Siku ya bandarini ijirudiayo. Siku ya mahakamani ambayo kesi ya shamba husomwa na kuahirishwa. Siku ya mama wa Lamu aliyemwona mwanawe akichukuliwa na gari lisilo na nambari, na tangu siku hiyo kwake ni alasiri ile ile. Hatuna haja ya kuazima roboti. Tunayo maswali mawili yanayotosha: nani anayekumbuka, na nani airudishaye siku?

Kwa wazazi na maalimu nasema: musizizime simu kabla ya kuuliza. Kaa na mwanao usiku mmoja, umwulize huyu wa kwenye katuni amekosea wapi na atatokaje. Kisha mfungulie aya za Suratul An'am na Suratul Muuminun. Utamkuta ana masikio, kwa sababu swali amekwisha kuwa nalo. Vijana hawakimbii Kurani kwa ajili ya Wajapani. Mara nyingi wamekwenda kwa Wajapani na swali ambalo sisi hatukuwa na wasaa wa kulisikiliza.

Kwa vijana nasema: tazameni, lakini msidanganyike na hesabu. Nyinyi mmepewa mara moja. Hamna mgongo wa mkono wa kuandikia mia na sitini. Ila mmepewa kitu ambacho mashujaa wale hawakupewa: hamko peke yenu katika kukumbuka. Kambi Muru nzima yakumbuka. Pwani nzima yakumbuka. Shujaa wa katuni huteseka kwa kuwa hana wa kumwambia, na akisema haaminiwi. Nyinyi semeni, andikeni, wekeni karatasi za bibi zenu mahali pakavu, na mtu akiwaambia mrudi kesho, mwulizeni kesho ya mwaka gani.

Mimi ni mtu wa tungo, na niliposafiri kurudi Mombasa nilitunga ubeti huu, nauacha hapa uwasaidie wanaopenda kuhifadhi:

Jana ingerudi leo, ningeiuliza nini?
Haifanyi marejeo, siku ikizama chini,
Aliyepewa upeo, akumbuke ya zamani,
Dawa yake ni kuanza, kesho haimo mkononi.

Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika sura fupi ambayo kila mtoto wa chuo ameihifadhi, akatwambia kwamba binadamu yumo khasarani, isipokuwa wenye imani na vitendo vyema, wanaousiana haki na wanaousiana subira. Kuusiana ni kazi ya watu wawili au zaidi. Subira bila ya haki ndiyo foleni ile ile, na haki bila ya mtu wa kuikumbuka hupotea kama karatasi iliyonyeshewa. Wabillahi taufiq.